Anaaminika Mwimbi, Benki Haimjui

Mvua za kwanza zikishapiga kwenye uwanda wa Ufipa, kuelekea mwisho wa Novemba, duka la pembejeo la Mwimbi, wilayani Kalambo, hugeuka kuwa benki. Kijana anaingia, anasalimia, anataja mifuko miwili ya mbolea ya kupandia na mbegu za kutosha eka mbili. Mwenye duka anavuta daftari kubwa la kaunta, anaandika jina la kijana, jina la baba yake, kitongoji, kiasi, na pembeni anaandika neno moja: Juni. Hakuna sahihi wala dhamana. Mwenye duka anamjua baba, analijua shamba, na anajua kwamba kijana akitaka kuhama atapita mbele ya duka hilohilo kwenda kupanda gari. Sehemu kubwa ya madeni hayo hulipwa, la sivyo duka lisingekuwapo msimu unaofuata.

Mpeleke kijana huyohuyo kwenye tawi la benki pale Sumbawanga mjini, aombe milioni mbili za kununua mashine ya kukamulia alizeti. Afisa mikopo ataingiza namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, kwenye kompyuta, na jibu litakuwa moja kati ya mawili. La kwanza ni kwamba mfumo haumjui kabisa. La pili ni kwamba unamjua kwa jambo moja tu: elfu kumi na nne alizokopa kwenye simu miaka miwili iliyopita na hakuzirudisha. Misimu minne ya mbolea aliyolipa kwa uaminifu haimo kwenye mfumo huo.

Shida ya kijana wa Mwimbi, na ya vijana wengi wa vijijini Tanzania, iko hapo. Uaminifu wake uko kwenye daftari ambalo benki haifungui, na uzembe wake uko kwenye daftari ambalo kila benki inalifungua. Kwa hiyo anayetaka kujenga jina la kukopesheka asikimbilie kukopa zaidi. Kazi yake ni kuyahamisha malipo mazuri kutoka daftari la kwanza kwenda la pili, na kuliondoa doa dogo lililotangulia kufika huko.

Tuanze na hilo daftari la pili, maana wengi wanalisikia kwa jina la vitisho tu, pale mkopeshaji anapotuma ujumbe wa kukumbusha deni. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2012 chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006. Benki Kuu ikaanzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji, na mwaka 2013 ikatoa leseni kwa kampuni mbili za kuchakata taarifa hizo, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Benki zinapeleka humo taarifa za kila mkopo: nani amekopa, kiasi gani, amebakiza kiasi gani, amechelewa siku ngapi. Mwanzoni mabenki mengi yaliuchukulia mfumo huo kama karatasi ya ziada. Kisha mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa, ikapanda hadi kuvuka asilimia 11 ya mikopo yote, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inakivumilia ni asilimia 5, na mwaka 2018 yakaja maagizo kwamba mkopo usitolewe kabla taarifa ya mkopaji haijaangaliwa. Tangu hapo, ukisikia afisa mikopo akisema "ngoja tukuangalie kwenye mfumo", anatimiza agizo.

Kuna namba moja ya kukariri katika mfumo huo: siku 90. Mkopo wa benki uliochelewa wiki mbili ni mkopo uliochelewa tu. Ukipita siku 90 bila marejesho unahesabiwa kuwa chechefu, benki inalazimika kutenga fedha zake kuufidia, na jina lako linabadilika sura mbele ya wakopeshaji wengine wote. Mtu aliyechelewa siku 80 bado ana nafasi ya kuzungumza na benki yake wakapanga upya marejesho. Aliyefika siku 100 anazungumza akiwa upande wa pili wa mstari. Vijana wengi hufanya kinyume. Siku zile ambazo mazungumzo yangesaidia ndizo wanazozima simu.

Sasa doa lenyewe. Kwa kijana wa umri wa miaka 18 hadi 30 anayeishi mbali na mji, mkopo wa kwanza wa maisha yake unaoingia kwenye mfumo rasmi huwa wa simu. Vodacom na benki ya CBA walianzisha M-Pawa mwaka 2014, washindani wakafuata, na baadaye zikaja huduma za kukuongezea salio unapotaka kutuma pesa ukapungukiwa. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017, lakini wanaotumia benki ni kama asilimia 22 tu. Pengo hilo limejazwa na simu. Kwa maneno mengine, watu wengi walikutana na mkopo rasmi kabla ya kukutana na benki, bila kuketi mbele ya mtu aliyewaeleza kwamba kile kitufe cha "kubali" ni mkataba.

Matokeo yake yalishapimwa. Taasisi ya CGAP, iliyo chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia, ilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2018: kati ya Watanzania waliokopa kwa simu, asilimia 56 walikiri kwamba wamewahi kuchelewesha marejesho, na asilimia 31 kwamba wamewahi kushindwa kulipa kabisa. Kwa Wakenya, waliokiri kushindwa kabisa walikuwa asilimia 12. Utafiti huo ulikuwa na jambo jingine ninalolipenda kuliko takwimu zote hizo. Waliokopa alfajiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, walilipa vizuri kuliko waliokopa usiku baada ya saa za kazi. Wa alfajiri huenda ni wachuuzi wanaowahi mzigo sokoni. Wa usiku, msomaji anaweza kukisia wako wapi. Mkopo ni uleule na ada ni ileile. Tofauti ni kile pesa ilichokwenda kufanya.

Deni la simu lina mtego wake ambao deni la duka halina. Halionekani. Mwenye duka utakutana naye Jumapili kanisani, ila deni la simu linakaa kimya ndani ya laini, na kijana anayeona laini inakatwa kila anapopokea pesa hununua laini nyingine. Anadhani ameliacha deni nyuma. Lakini tangu laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole, laini zote za mtu mmoja zinarudi kwenye namba moja ya NIDA, na kwenye mfumo wa mikopo namba hiyo ndiyo inayotafutwa. Laini imetupwa, deni limebaki.

Kuna upande mwingine mbaya zaidi. Wapo watu ambao namba yao ya NIDA imesajili laini wasiyoijua: siku ya usajili waliweka kidole mara mbili au tatu kwa wakala aliyesema mtandao unasumbua. Laini ya ziada ikauzwa, ikakopewa. Piga *106#, kwa mtandao wowote, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako uifunge kabla ya kushughulika na jambo lingine lolote.

Kusafisha jina kunaanza kwa kuliona. Una haki kisheria ya kupata taarifa yako ya mikopo kutoka kwenye kampuni inayoitunza, na una haki ya kuipinga ikiwa na kosa. Sijui kwa nini haki hii haitumiki. Watu wanaamini kwamba taarifa hiyo ni ya benki, kwamba wao wamekatazwa kuigusa. Iombe. Ikija, soma mambo matatu: jina na namba ya NIDA kama ni vyako, mikopo iliyoorodheshwa kama uliichukua wewe, na mikopo uliyomaliza kama imeandikwa kuwa imekwisha. Kosa la tatu ndilo linalowapata wengi. Mtu amelipa, mkopeshaji hajapeleka taarifa, na mfumo unaendelea kumhesabia siku. Huko Ufipa ambako majina ya ukoo yanafanana na kila ofisi inayaandika kwa herufi zake, kosa la kwanza nalo si la kupuuza.

Halafu lipa lile deni dogo. Elfu kumi na nne haiwezi kuwa sababu ya kukosa milioni mbili. Ukilipa, omba barua ya kumaliza deni kutoka kwa mkopeshaji, na uitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Usitegemee kumbukumbu ya simu, maana simu huanguka chooni. Baada ya wiki kadhaa omba tena taarifa yako uthibitishe kwamba deni limeandikwa limelipwa. Historia ya kuchelewa haitafutika siku hiyo, na si kosa kwamba haifutiki. Mfumo unaofuta kila kitu mara moja usingekuwa na maana kwa yeyote. Ila mkopeshaji anayeona deni lililochelewa kisha likalipwa lote anaona mtu tofauti na yule aliyeliacha wazi.

Kama kosa si lako, andika malalamiko kwa mkopeshaji kwanza, kwa maandishi na tarehe. Akikaa kimya au akikujibu hovyo, ngazi inayofuata ni Benki Kuu, ambayo ina dawati la kupokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha na kanuni za kuwalinda za mwaka 2019. Tangu Mei 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa zako za mikopo ni taarifa zako binafsi. Na yeyote atakayekufuata kwenye WhatsApp akisema ana mtu ndani ya mfumo atakayekufutia deni kwa elfu hamsini, mpe jibu unalompa anayekuuzia pesa za kuongezeka kwenye sanduku.

Wenzetu wa Kenya walishapita njia hii, na kwa ukali zaidi. Utafiti wa kampuni ya MicroSave ulionyesha kwamba kufikia mwaka 2018 Wakenya milioni 2.7 walikuwa wameorodheshwa vibaya kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, na kati yao kama 400,000 waliorodheshwa kwa deni lisilofika dola mbili. Dola mbili ni nauli ya siku, na ilikuwa inamfungia mtu mlango wa mkopo wa biashara. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ikazuia kuorodheshwa kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000 za huko. Kisha Novemba 2022 ikaja na mpango wa kuwarekebishia wakopaji majina yao: benki ziliombwa kusamehe angalau nusu ya madeni ya simu yaliyokuwa yamekwama, mkopaji alipe nusu iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023, na asomeke kuwa anarekebisha. Waliolengwa walikuwa zaidi ya milioni 4, na madeni yao yote kwa pamoja yalikuwa kama shilingi bilioni 30 za Kenya, chini ya asilimia 1 ya mikopo yote ya mabenki. Hebu tafakari uwiano huo. Sehemu ndogo kabisa ya pesa ilikuwa imewafungia mamilioni ya watu.

Kwa maoni yangu Tanzania isingoje kufika huko. Kiwango cha chini cha kuandika deni kwenye kanzidata kingeondoa kelele nyingi, na benki zenyewe zingefaidika, kwa kuwa elfu tatu ya mtu aliyepoteza laini haimwambii afisa mikopo chochote kuhusu mkulima.

Kuna madeni mengine yanayomchosha kijana bila kumjengea jina popote, na hapa ndipo penye maumivu zaidi Mwimbi. Chukua mkopo wa gunia. Januari nyumbani hakuna kitu, mtoto anaumwa, ada inadaiwa. Mnunuzi anatoa shilingi 40,000 na makubaliano ni gunia moja la mahindi wakati wa mavuno. Hakuna aliyetaja riba, na kijana ataapa kwamba hajakopa kwa riba. Tuseme Juni bei ni shilingi 500 kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000, kwa hiyo amelipa robo zaidi ndani ya miezi mitano, sawa na asilimia 5 kwa mwezi. Lakini nani anapimiwa kilo 100? Gunia linakuja na kofia juu, lumbesa, kilo 120 hivi. Hapo amelipa shilingi 60,000 kwa 40,000 aliyopokea, asilimia 10 kila mwezi. Kisheria mkopeshaji mdogo mwenye leseni ya daraja la pili haruhusiwi kuzidisha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo ambao haukutajwa riba umekuwa ghali karibu mara tatu ya ule wenye riba iliyoandikwa ukutani.

Riba ya mtaani iitwayo kausha damu haijifichi namna hiyo. Laki moja leo, laki na thelathini mwezi ujao, na televisheni au kadi ya benki inabaki kwa mkopeshaji. Walimu na wahudumu wa afya wanaijua zaidi kuliko wakulima, kwa sababu wana mshahara wa kushikiwa. Kwa kiwango cha sheria, riba ya laki moja kwa mwezi ni shilingi 3,500, na hizo 26,500 za juu yake ni faini ya kutokuuliza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikusudia kuwapanga wakopeshaji hawa kwenye madaraja na leseni, na kwa sehemu imefanikiwa. Wa mtandaoni walipoanza kuchukua orodha ya majina kwenye simu za watu na kuwatumia ndugu na wakwe ujumbe wa aibu, Benki Kuu ilitoa mwongozo wao Agosti 2024, na Novemba mwaka huohuo ikazifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Anayekukopesha bila leseni anaweza kukuharibia jina mtaani kwa siku moja. Kukujengea jina benki hawezi hata ukimlipa miaka kumi, kwa kuwa hana mahali pa kuliandika.

Vijana wengi siku hizi hujifunza mambo ya fedha YouTube, na wanayofundishwa ni ya Marekani: fungua kadi ya mkopo, tumia chini ya theluthi ya kiwango, lipa kila mwezi, alama zipande. Ni ushauri mzuri huko, kwa mtu mwenye alama za mikopo za FICO zinazokwenda 300 hadi 850, ambako historia ya malipo peke yake ina uzito wa asilimia 35. Mwimbi hakuna kadi ya mkopo, na anayekopa elfu tano kwenye simu kila Jumatatu na kuirudisha Jumatano "ili kujenga alama" anajenga zaidi mapato ya ada ya mtandao. La kuchukua kutoka kwa Wamarekani ni hilo moja tu la malipo kwa wakati. Mengine yaache huko.

Basi kijana wa Mwimbi ajenge kwa nini? Kwa vile anavyolipa tayari.

Angalia dereva wa bodaboda mwenye mkataba. Mwenye pikipiki anampa chombo, naye analeta hesabu kila siku hadi pikipiki iwe yake. Tuseme hesabu ni shilingi 8,000, siku sita kwa wiki, kwa wiki 60. Hayo ni marejesho 360, jumla shilingi 2,880,000. Kwa mteja wa kawaida wa benki utapata marejesho 12 kwa mwaka. Huyu kijana amelipa mara 360, mvua na matope, na siku ya mwisho anapewa kadi ya pikipiki na kupigwa bega. Kumbukumbu yote ya malipo yale ilikuwa mkononi mwa mwenye pikipiki, noti kwa noti. Angebadilisha mambo mawili tu, angekuwa mtu mwingine mbele ya afisa mikopo. Mkataba uandikwe na ushuhudiwe kwa mtendaji wa kijiji, ukitaja jumla na muda. Na hesabu itumwe kwa simu kutoka laini yake mwenyewe, hata kama ada ya kutuma inauma. Au aiweke kwenye akaunti ya mwenye pikipiki kwa wakala wa benki. Baada ya mwaka anaweza kuchapisha taarifa ya miamala yenye mistari mia tatu inayosema jambo moja. Taarifa hiyo haiingii kwenye kanzidata, lakini wakopeshaji wa simu na benki zenyewe huangalia mzunguko wa pesa kwenye laini na akaunti wanapomkadiria mtu asiye na historia.

Mkulima naye afanye vivyo hivyo. Pesa ya mahindi, maharage au alizeti ipite kwenye akaunti yenye jina lake kabla haijagawanywa. Najua inavyokuwa: mnunuzi analipa taslimu shambani, madeni yanalipwa palepale, na kinachofika nyumbani ni mabaki. Lakini akaunti inayopokea pesa kila Juni na Julai kwa misimu mitatu ndiyo ushahidi wa msimu ambao benki inaweza kuusoma. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza shilingi trilioni moja za kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na benki kubwa kama NMB na CRDB zikashusha riba ya kilimo hadi asilimia 9 kwa mwaka. Asilimia 9 kwa mwaka, weka kando ya asilimia 10 kwa mwezi ya lile gunia. Pesa hiyo ipo, ila inawafuata wanaosomeka.

Kikoba kina shida ileile ya daftari. Kundi linakutana kila wiki, hisa zinanunuliwa, mikopo inatoka na kurudi, mwisho wa mwaka kikoba kinavunjwa. Kwa sheria ya 2018 makundi haya ni daraja la nne na yanapaswa kusajiliwa kupitia halmashauri. Usajili wenyewe haukupi alama. Unachokupa ni uwezo wa kundi kufungua akaunti na kupitisha mikopo yake humo. Lakini anayetaka hatua inayofuata aangalie chama cha ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS) kilichosajiliwa: huko mkopo una mkataba, ratiba na mizania inayokaguliwa, na benki inapopiga simu kuuliza kuhusu mwanachama inapata jibu lenye karatasi.

Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 baada ya mabilioni ya shilingi kutorudi, vikundi vingine vikiwa hewa kabisa, na ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na moja kati yake ni Nkasi, jirani zetu hapahapa Rukwa. Wengi walijadili kama benki zitaongeza urasimu. Mimi naona faida isiyosemwa: kikundi cha vijana kinachorejesha kupitia benki kinaacha nyayo pale ambapo mkopo wa pili utaombwa. Kalambo wangefanya vyema kuulizia Nkasi imekwendaje.

Neno kwa waliosoma. Kijana aliyemaliza chuo na sasa anafundisha Mwimbi au Matai ana deni moja ambalo huenda analichukulia kama kodi: mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na tangu mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani imeondolewa, kwa hiyo kila shilingi inapunguza deni lenyewe. Tatizo liko kwa asiye na ajira rasmi, anayefanya biashara na kuamini kwamba deni litamngoja hadi aajiriwe. Sheria haimngoji. Bodi inapeleka majina ya wadaiwa sugu kwenye taarifa za mikopo, na mtu anaweza kukuta ameharibika jina kabla hajaomba mkopo wowote wa benki. Hata mwalimu wa shule binafsi aangalie kama mwajiri wake anayapeleka makato anayoyakata. Akaunti ya mkopaji kwenye mfumo wa Bodi inaonyesha.

Na udhamini. Ufipa mtu hukubali kumdhamini ndugu kwa sababu kukataa ni aibu kubwa kuliko deni. Ukisaini, deni ni lako likishindikana, na linaweza kusomeka kwako. Kabla ya kusaini muulize ndugu kwa heshima: kaka, marejesho ni kiasi gani na yanatoka wapi? Asipoweza kujibu, mchangie kidogo bila kusaini.

Vijana wa Mwimbi wanalipa madeni yao vizuri kuliko kanzidata inavyowaonyesha, na lawama si yao peke yao. Kama malipo ya duka la pembejeo, ya mkataba wa bodaboda na ya kikoba yangekuwa na njia ya kuingia kwenye kumbukumbu kwa ridhaa ya mwenye nayo, benki zingegundua wateja ambao haziwajui. Hiyo ni kazi ya Benki Kuu na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwako msomaji, iombe taarifa yako ya mikopo mwezi wa Agosti, mavuno yakiwa yameuzwa na pesa ya kulipia deni dogo ingalipo. Ukisubiri Novemba, kosa litakuwa bado linashughulikiwa wakati mvua imeshaanza.